Chanjo mpya ya kifua kikuu yaja: nani anaiandalia njia ya Oldonyiro?

Kabla ya Idi ya kuchinja iliyopita nilimfuata mpwa wangu hadi Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo. Yeye hununua mbuzi huko bara na kuwashusha Mombasa, na kwa miaka mingi amekuwa akiniambia, "Mjomba, wewe waandika kuhusu watu ambao hujawahi kunywa chai yao." Safari hii nikaamua kumziba mdomo. Tulitoka Isiolo mjini alfajiri, tukashika njia ya Kipsing, vumbi jekundu na mawe mpaka mgongo ukasahau kuwa ni mgongo.

Sokoni, mpwa wangu akiwa katika kubishana bei, nilikaa chini ya mgunga na mzee mmoja Msamburu aliyekuwa ameuza fahali asubuhi ile. Kando yake alikuwa mwanawe, kijana wa kama miaka ishirini na tano, amejifunika shuka mpaka puani. Alikuwa akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Ni kile kikohozi ambacho sisi tuliokulia katika nyumba za kupanga chumba chumba pale Majengo na Kisauni twakijua hata tukikisikia nyuma ya ukuta.

Mzee hakuficha. Aliniambia kijana alipimwa, akaambiwa ni kifua kikuu, akaanza vidonge. Miezi miwili akawa mzima, amenenepa, anaimba. Kisha nyasi zikaisha. Vijana wakahama na ng'ombe kuelekea upande wa Laikipia, naye akaenda nao kwa sababu ng'ombe ni wa baba yake. Vidonge vikabaki nyumbani. "Dawa inataka mtu akae," mzee akasema, "na ng'ombe wanataka mtu aende." Siku ile walikuwa njiani kurudi zahanati kuanza upya.

Kisha akanigeukia. "Wewe mtu wa Mombasa, nimesikia redioni kuna sindano mpya ya hiki kifua. Ni ya watoto tu, au na sisi?"

Nilimjibu kwa uchache niliokuwa nao, nikaona haya. Tangu niliporudi nimekuwa nikisoma ili nimjibu vizuri, na jibu lenyewe latuhusu sote, wa Oldonyiro na wa Likoni.

Sindano ya zamani ilifanya nini

Karibu kila mmoja wetu ana kovu dogo mkononi. Hilo ni kovu la BCG, chanjo pekee ya kifua kikuu inayotumika duniani hadi leo. Waliitengeneza Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, katika Taasisi ya Pasteur mjini Lille. Walianza mwaka 1908 na kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakakikuza na kukihamisha mara 230 kwa miaka 13 mpaka kikapoteza makali yake. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921. Kwa hiyo chanjo hii imepita miaka mia moja, na mfugaji wa Oldonyiro anaweza kujivunia kidogo: asili yake ni ng'ombe.

BCG haikosi faida. Yamkinga mtoto mchanga na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, ambavyo huua watoto upesi. Lakini mtu akishakuwa mkubwa, kinga hiyo haitegemeki dhidi ya kifua kikuu cha mapafu, na hicho ndicho kinachoambukiza kwa kukohoa. Ndiyo maana dunia nzima ina makovu ya BCG na bado, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023, na milioni 1.25 wakafa. Hakuna kimelea kimoja kilichoua watu wengi zaidi mwaka huo.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. La kutisha zaidi ni kwamba takriban wagonjwa 40 kati ya kila 100 hawakuwa wamegunduliwa. Walikuwa majumbani, sokoni, ndani ya matatu, wakikohoa pamoja nasi.

Vipande vya kimelea

Baadhi ya wataalamu wanaotafuta chanjo mpya wameiacha ile njia ya kumchukua mdudu mzima na kumdhoofisha. Wamejiuliza: kinga ya mwili inamtambuaje mdudu huyu? Jibu ni kwamba haimwoni mzima mzima. Seli zetu humeza kimelea, humkatakata protini zake kuwa vipande vidogo viitwavyo peptidi, kisha huvitundika nje kwenye ukuta wa seli kama mchuuzi anavyotundika sampuli ya kitambaa mlangoni. Askari wa mwili, seli T, hupita wakikagua. Wakiona kipande wasichokitambua kuwa cha nyumbani, hupiga mbiu.

Basi wakasema: kwa nini tusimpe mtu vile vipande peke yake? Hakuna mdudu hai, kwa hiyo hata mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na virusi vya ukimwi, hawezi kuambukizwa na chanjo yenyewe. Vipande vyaweza kutengenezwa maabara kwa kipimo kile kile kila mara. Na tayari vinatumika: kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu amebeba vimelea vya kifua kikuu vilivyolala hutumia peptidi za protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Damu yako ikivitambua vile vipande, basi ilikwisha kukutana na mdudu. BCG ilipoteza sehemu hiyo ya chembe za urithi ilipokuwa ikidhoofishwa, ndiyo maana kipimo hicho hakichanganyi kovu la utotoni na maambukizi ya kweli.

Lakini kuna tatizo, na hili ndilo nataka msomaji alishike. Ile misumari ambayo seli hutundikia peptidi haifanani kwa watu wote. Twairithi kwa wazazi, na kipande kinachoshika vizuri kwenye misumari ya huyu chaweza kuanguka kwenye misumari ya yule. Afrika ndiko kwenye aina nyingi zaidi za urithi wa binadamu kuliko bara lolote. Chanjo ya vipande vichache vilivyochaguliwa kwa kuangalia damu ya watu wa Ulaya peke yao yaweza kumfaa mtu wa London na kumpita Msamburu, Mgiriama au Mbajuni. Dawa ya tatizo hilo ni mbili: kutumia protini ndefu zenye vipande vingi ndani yake, na kufanya majaribio kwa watu wenyewe wanaougua. Bahati njema, yote mawili yamefanyika.

Chanjo iliyofika mbali zaidi kwa njia hii inaitwa M72/AS01E. Imeundwa kwa protini mbili za kimelea zilizounganishwa kuwa moja, Mtb32A na Mtb39A, zikichanganywa na kichocheo cha kuamsha kinga. Kampuni ya GSK ndiyo iliyoianzisha. Ilijaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima zaidi ya 3,500 wa miaka 18 hadi 50, wasio na virusi vya ukimwi lakini wenye vimelea vilivyolala. Upande wa Kenya kazi ilifanywa na taasisi yetu ya KEMRI huko magharibi. Matokeo ya mwisho yalitolewa 2019: baada ya miaka mitatu, waliopata chanjo na kuugua walikuwa 13, na wa upande wa pili, waliopata sindano isiyo na chanjo, walikuwa 26. Hiyo ni kinga ya karibu nusu.

Nusu si nzima. Lakini kwa ugonjwa ambao haujapata chanjo ya watu wazima inayotegemeka kwa miaka mia, nusu ni jambo kubwa. Na tusijidanganye kwamba njia hii haina mashimo. Chanjo nyingine ya protini, H56:IC31, ilijaribiwa Afrika Kusini na Tanzania kwa watu waliomaliza matibabu, kuona kama itawazuia kuugua tena. Haikuwazuia. Kwa hivyo tunangoja kwa matumaini na kwa tahadhari.

Sasa M72 iko katika jaribio kubwa la mwisho, linaloendeshwa na taasisi ya utafiti ya Gates kwa fedha za wakfu wa Gates na wa Wellcome, kama dola milioni 550. Lilianza Afrika Kusini mwezi Machi 2024, na washiriki zaidi ya 20,000 wa miaka 15 hadi 44 wamekwisha kuandikishwa, Kenya ikiwemo. Matokeo yanatarajiwa kufikia 2028.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee wa Oldonyiro ni hili: hapana, safari hii si ya watoto. Ni ya kijana wako.

Kilifi ilitufunza nini

Jibu la pili ni gumu zaidi, nami nalichota nyumbani.

Wasomaji wa Kilifi wanakumbuka chanjo ya malaria, RTS,S. Mwaka 2007 watoto wa Kilifi pamoja na wenzao wa Korogwe, Tanzania, walikuwa katika jaribio lililoonyesha kwamba chanjo ile ilipunguza malaria kwa zaidi ya nusu katika miezi ile waliyofuatiliwa. Kuanzia 2009 Kilifi ilikuwa pia miongoni mwa vituo 11 barani Afrika katika jaribio kubwa la mwisho. Mama zetu walibeba watoto, wakatoa damu, wakarudi kliniki tarehe walizopewa. Shirika la Afya Duniani likaja kuipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika Oktoba 2021. Na ilipoanza kutolewa Kenya kwa majaribio ya kawaida Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay na kupelekwa kaunti za magharibi.

Sisemi hili kwa kijicho. Malaria ya ziwani ni kali kuliko ya kwetu siku hizi, na chanjo zilikuwa chache. Mwenye njaa zaidi hupakuliwa kwanza. Ninachosema ni kwamba kutoa mkono uchomwe sindano ya majaribio hakukupi tikiti ya kupata sindano yenyewe. Hizo ni foleni mbili tofauti. Foleni ya kwanza hupangwa na watafiti. Ya pili hupangwa na wenye fedha, wenye viwanda, na wenye mpango uliokwisha kuandikwa.

Na uchache ule una sababu inayoigusa chanjo ya kifua kikuu moja kwa moja. Kichocheo kilichomo ndani ya M72 ni cha ukoo ule ule wa kichocheo cha RTS,S, na sehemu yake muhimu hutoka kwenye gome la mti wa Quillaja unaoota Chile. Dozi za RTS,S zilizogawiwa nchi 12 za Afrika kwa miaka ya 2023 hadi 2025 zilikuwa milioni 18 tu. Kichocheo hicho hicho kimo katika chanjo ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi ambayo nchi tajiri huwanunulia wazee wao kwa bei nzuri. Sasa fikiria watu wazima wa Afrika na Asia wote wakingoja chanjo ya kifua kikuu inayotaka kitu kile kile. Anayekwenda sokoni baada ya adhuhuri hukuta samaki wameisha.

Kuna kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Tiba ya miezi sita ambayo kijana wa Oldonyiro aliikatiza ilithibitishwa hapa kwetu. Kabla yake mtu alikunywa dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kuanzia 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika majaribio yaliyofanywa na madaktari wa Afrika Mashariki pamoja na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, yakaonyesha kwamba kwa kuongeza rifampicin au pyrazinamide miezi sita yatosha. Dunia yote hutumia elimu hiyo. Iliandikwa kwa miili ya babu zetu, na hata hivyo rifampicin ilikuwa ghali na ilichukua miaka mingi kuwafikia watu wa kawaida wa nchi zile zile.

Mtu mzima anayehama

Tuseme mwaka 2028 habari ni njema. Tuseme dozi zimepatikana. Je, zitamfikiaje kijana aliyeko na ng'ombe?

Mfumo wetu wa chanjo umejengwa juu ya mama na mtoto. Mama anajifungua, anapewa kitabu, anarudi wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Ni mfumo mzuri, na kina mama ndio wanaoubeba mgongoni. Lakini mwanamume wa miaka 25 hana kitabu. Haji kliniki mpaka abebwe. Na M72 ni dozi mbili, mwezi mmoja kati yake. Kwa mchungaji, mwezi mmoja ni maji mengine, malisho mengine, pengine kaunti nyingine. Kwa baharia wa Lamu au dereva wa lori la Mombasa hadi Kampala hali ni ile ile. Oldonyiro imenionyesha waziwazi jambo ambalo pwani twalificha katika msongamano: watu wanaohitaji chanjo hii zaidi ndio wasiokaa mahali pamoja.

Wapo wanaosema wafugaji hawawezi kufuatiliwa. Historia ya kaskazini inawakanusha. Mwaka 1976, pale Wajir, Mwitaliano Annalena Tonelli alianza kazi ya kutibu kifua kikuu kwa wafugaji kwa njia iliyokuja kuitwa manyatta za TB. Badala ya kumlazimisha mfugaji alale wodini, aliwaacha wagonjwa wajenge vibanda vyao karibu na kituo, waishi kama wanavyoishi, na kila siku wanywe dawa mbele ya mtu mpaka miezi iishe. Wagonjwa wakamaliza dawa na kupona. Mama huyo alifukuzwa Kenya baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Wagalla ya 1984, akaendelea na kazi yake kwa Wasomali, na akauawa Borama mwezi Oktoba 2003. Alichotuachia ni somo jepesi kusema: panga tiba kwa kufuata maisha ya mgonjwa, naye ataimaliza.

Huko Chad, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikwenda hatua nyingine. Timu za madaktari wa mifugo na wauguzi zilitoka pamoja, ng'ombe akachanjwa huku mtoto na mama yake wakichanjwa papo hapo. Mfugaji ambaye hakuwahi kuleta mtoto kliniki aliwaleta ng'ombe, na familia ikaja nyuma yao. Oldonyiro ina soko la mifugo ambalo huwakusanya watu kutoka pande zote. Siku ya soko ndiyo siku ya kliniki, kama tukitaka iwe hivyo.

Hata jua la kule limeanza kufikiriwa na wanasayansi. Utafiti uliochapishwa 2023 ulijaribu kwa watu chanjo nyingine ya protini za kifua kikuu, ID93, iliyokaushwa ikawa unga pamoja na kichocheo chake. Unga huo huhimili joto la nyuzi 37 kwa karibu miezi mitatu. Bado ni hatua za mwanzo sana. Lakini yeyote aliyeona muuguzi akibeba kasha la barafu kwenye bodaboda, akihesabu saa kabla barafu haijayeyuka, ataelewa kwa nini jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika.

Tunayopaswa kuyauliza sasa

Wapo watakaoniambia: ndugu, wewe waharakisha, chanjo haijathibitishwa, mbona unadai foleni? Nadai kwa sababu ya kalenda. Matokeo ni 2028. Uchaguzi wetu ni 2027. Na shirika la Gavi, ambalo limekuwa likitusaidia kununua chanjo, linamaliza msaada wake kwa Kenya mwishoni mwa muongo huu, kisha tujilipie wenyewe. Yaani chanjo itagonga mlango wakati ule ule mfadhili anapovaa viatu aondoke.

Tumekwisha kuonja hali hiyo. Mei na Juni 2025 hospitali nyingi nchini ziliishiwa na BCG na chanjo ya polio, na Wizara ya Afya yenyewe ikakiri upungufu. BCG, chanjo ya miaka mia, miongoni mwa chanjo za bei nafuu kabisa duniani. Kama hiyo yaweza kutuishia, ni nani atatuhakikishia ile ya bei? Na kabla ya hapo, Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba huduma za kifua kikuu katika nchi nyingi zimetikisika. Mkono wa mpaji ukifungwa, kikohozi hakingoji.

Nina maswali matatu, na ningependa kila msomaji amwulize mbunge wake na kila atakayekuja na fulana za kampeni.

La kwanza: Kenya imeahidiwa nini kwa Wakenya walioingia katika jaribio la M72? Bei na idadi ya dozi ni mambo ya kuandikwa kabla ya matokeo, wakati ambapo bado tuna kitu mkononi. Mkono mtupu haulambwi, na baada ya matokeo mkono wetu utakuwa mtupu. Tuna Kenya BioVax, taasisi ya Serikali iliyoundwa ili chanjo zitengenezwe nyumbani. Je, imo katika mazungumzo hayo, au ni jengo na ubao wa jina?

La pili: kaunti zina mpango gani wa kuwachanja watu wazima? Afya ni jukumu la kaunti. Isiolo, Samburu na Laikipia haziwezi kupanga kila moja kivyake kwa kijana anayelala katika zote tatu ndani ya mwaka mmoja. Rekodi yake lazima isafiri kama anavyosafiri. Vivyo hivyo Mombasa, Kwale na Kilifi kwa kibarua anayelala huku na kufanya kazi kule.

La tatu: ni nani atakayezungumza na watu, kwa lugha gani, na lini? Mwaka 2014 kampeni ya pepopunda iliwalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, na maaskofu wa Kanisa Katoliki wakadai ina dawa ya kufunga uzazi. Serikali ikakanusha, lakini mashaka yale hayajaisha mpaka leo, makanisani hata misikitini. Sasa yaja chanjo nyingine ya vijana walio katika umri wa kuzaa, yenye jina la Gates juu yake. Asiyeona uvumi unaokuja ana macho ya mapambo. Mtu akielezwa mapema, kwa Kisamburu, Kiturkana, Kiborana na Kiswahili, kwamba hiki ni kipande cha mdudu na si mdudu, na kwamba kinga yake kwa tunavyojua ni nusu na si kamili, ataamua kwa akili yake. Akielezwa siku ya sindano, ataamua kwa hofu.

Na tukingoja, tusiiache kazi ya leo. Chanjo ya 2028 haimfai anayekohoa sasa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku na mwili unaopungua, nenda ukapime makohozi, usizunguke kwanza kwa waganga. Ukianza dawa, maliza miezi yote hata ukijiona umepona mwezi wa pili. Wa mwezi wa pili ndio waliotupa kifua kikuu sugu. Na maziwa, hata yakiwa matamu namna gani yakitoka kwenye kiwele, yachemshwe. Kile kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo, na kwa maumbile yake hakisikii pyrazinamide, moja ya dawa nne tunazozitegemea.

Tulipoondoka Oldonyiro jioni, mbuzi wakiwa wamejazwa juu ya lori, nilimwona mzee na mwanawe wakingoja usafiri. Kijana alikuwa ameniambia kwamba safari hii atakaa kwa shangazi yake karibu na zahanati, na mdogo wake ndiye atakayekwenda na ng'ombe. Familia ile imekwisha kujipanga upya kwa sababu ya dawa: imemtoa mtu mmoja malishoni, imempa mwingine mzigo. Hawakungoja semina wala mfadhili.

Mzee, jibu langu ni hili, kama litakufikia. Sindano yaja, na ni ya watu wazima. Ninyi mmeshafanya sehemu yenu. Waliobaki ni wale wanaoketi Nairobi na Isiolo na Mombasa wakiwa na kalamu, na sisi tunaowapigia kura.